Kanada ya Kusini

Harufu ya Kanada, kwa jinsi nilivyoijua mimi, ni harufu ya blanketi la msaada lililonyunyiziwa maji na kupigwa pasi ya makaa. Kwanza hupanda mvuke wa mbwa aliyenyeshewa, kisha hufuata moshi mwembamba kama wa nywele zinazoungua, na mwishoni, fundi asipokuwa mwangalifu, harufu ya hasara. Mpaka leo, hapa Lilongwe, mtaa wa Nsungwi ninapoishi, jirani akinyoosha sweta la mwanawe asubuhi ya Juni, mimi huacha ninachoandika na kwenda Kanada kwa dakika mbili tatu. Sijawahi kufika huko kwa njia nyingine yoyote. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliifundisha nchi hiyo kwa watu wazima wa mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, karibu na Lilongwe, niliifundisha kwa kirefu na bila haya, na karibu kila nilichowafundisha hakikuwa kweli.

Tulikuwa watatu: Mama, mdogo wangu Josué na mimi, Espe. Baba alifariki Bukavu kabla vita havijatutoa. Mama alikuwa fundi wa kushona, na kichwa cha cherehani yake ndicho kitu kizito pekee tulichovuka nacho mipaka. Alikibeba mgongoni mahali pa Josué, na Josué akatembea. Jambo hilo Josué hulikumbusha kila Krismasi. Dzaleka iko juu, na mwezi wa Juni upepo hupita hapo kama mtu aliyetumwa. Mama alikuwa na pumu. Baridi iliposhuka, kifua chake kilipiga mluzi kama birika, nasi tulilala tukiusikiliza, tukijua kwamba maadamu birika linalia, Mama yupo. Basi katika mwaka wetu wa pili jina lake lilipobandikwa ubaoni, kwamba anaweza kuomba kuhojiwa kwa safari ya Kanada, mtaa mzima ulikuja kumpongeza, na yeye peke yake hakufurahi. Alitakiwa kutia sahihi ndani ya wiki moja. “Ku Kanada batu banaishi ndani ya frigo,” alisema. “Mi sitapeleka hiki kifua ku frigo.” Nami nilitaka kwenda kiasi cha kuugua. Nilikuwa nimesikia kwamba huko shule zina madirisha ya vioo na kwamba kila mtoto ana dawati lake, asilokalia na wenzake watatu.

Siku hizohizo ndipo nilipopata kitabu. Parokia ilileta shuleni sanduku la vitabu vya msaada: vitabu vya nyimbo visivyo na jalada, mwongozo wa kutengeneza mashine ya kukata nyasi, na kitabu kikubwa cha picha za rangi kuhusu ligi ya mpira ya Kanada. Si mpira tuujuao. Mpira wao una umbo la papai, hubebwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu zenye nondo mbele ya mdomo, kana kwamba wanazuiwa wasiumane. Nilipewa kitabu hicho kuwa zawadi ya aliyeongoza darasani kwa Kiingereza, na pia, lazima nikiri, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mama alipokifungua, alitazama suruali za wachezaji zilivyobana, akasikitika kwa dhati. “Batu ba feza hivi,” alisema, “na kitambaa iliisha?”

Mimi nilikisoma chote, au nilidhani nimekisoma chote. Maneno marefu niliyaruka kama mtu arukavyo madimbwi. Katikati ya kitabu palikuwa na jedwali. Upande mmoja timu nane za Kanda ya Kaskazini, na picha ya uwanja uliofunikwa theluji, watazamaji wamejifunga mpaka puani. Upande wa pili timu tano za Kanda ya Kusini: Baltimore, Birmingham, Memphis, Shreveport na San Antonio, na picha ya watu wenye mashati ya mikono mifupi wakijipepea kwa karatasi. Wewe msomaji umeshajua kwamba miji hiyo mitano ni ya Marekani. Miaka kitabu kile kilipotungwa, ligi ya Kanada ilikuwa imevuka mpaka na kuanzisha timu kwa jirani, jambo ambalo bila shaka kitabu kililieleza kwa maneno marefu. Mimi nilikuwa na ligi ya Kanada, nilikuwa na kanda ya kusini, na nilikuwa na akili. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Nilikimbia nyumbani kutangaza kwamba Kanada ziko mbili, ya Kaskazini yenye frigo na ya Kusini yenye jua.

Aliyenipinga alikuwa jirani yetu Mrundi, Mwalimu Simeoni, aliyefundisha historia kwao kabla ya kukimbia, na ambaye hakuvua tai hata akienda kuteka maji. Alikuja mpaka kwenye kibaraza ambapo Mama alishonea, mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao, akaweka kidole juu ya jedwali langu.

“We mutoto, Birmingham iko Uingereza. Mimi nimefundisha miaka kumi na mbili.”

“Hii njo ingine, Mwalimu. Ya Kanada.”

“Na Memphis? Memphis iko Misri! Mji wa Farao! Biblia yenyewe inautaja.”

“Mwalimu,” aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika sketi isiyo na pindo, “Farao naye alikuwa anacheza mupira na sufuria ku kichwa?”

Kicheko kilichofuata ndicho kilichoamua jiografia ya mtaa wetu. Laiti Mwalimu angetaja Amerika mara moja tu, somo langu lingekufa palepale. Lakini alikuwa msomi, na msomi haanzi na jibu jepesi. Hilo nimelielewa baadaye, baada ya kuwa msomi mimi mwenyewe. Aliondoka akinyoosha tai, nami nikabaki na ushindi ambao sikuustahili, nikiwaonyesha wanawake uwanja mmoja wa huko Kusini uliojengewa paa zima juu yake. Waliutazama kwa zamu. Mapaa yetu yalikuwa ya nyasi na karatasi za plastiki, na huko hata mpira haunyeshewi.

Mama aliendelea kushona mpaka wateja walipokwisha. Ndipo alipokichukua kitabu, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akainamia ile picha ya watazamaji mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Hakuwa akisoma, aliishia darasa la nne, tena kwa Kifaransa. Alikuwa akipima. Alifuata kwa ukucha mishono ya mabega ya mwanamume mmoja mnene, akahamia kwa mwanamke wa pembeni yake, kisha kwa mtoto. “Hii ni coton,” alisema. “Coton mwepesi, bila doublure, bila kitambaa ya ndani. Mutu anaweza kudanganya, na kitabu kinaweza kudanganya. Mikono mifupi haidanganyi.” Akaniuliza jina la mji. Nikamwambia San Antonio. Akafanya ishara ya msalaba, kwa kuwa Mtakatifu Antonio ndiye anayetafuta vitu vilivyopotea, naye alikuwa na orodha ndefu ya kumpa. Asubuhi yake alikwenda kutia sahihi.

Mahojiano yalikuwa Lilongwe, nasi tulikwenda nyuma ya pickup, nguo zetu za Jumapili zimefungwa ndani ya mfuko ili vumbi lisizipate. Afisa alikuwa mama wa Kizungu mwenye miwani, na pembeni yake mkalimani, kijana Mkongomani aliyenyoosha shati lake mpaka likaweza kusimama peke yake. Kwa muda mrefu afisa aliuliza kuhusu tulikotoka, na hayo nitayaacha yalale yalipo. Mwishoni akauliza kama Mama ana ndugu Kanada, au mji ambao angependelea. Mama alikaa sawa kitini. Swali hili alikuwa amejiandaa nalo.

“Tunaomba Kanada ya Kusini,” alisema. “San Antonio, kama iko nafasi. Kama imejaa, ata Memphis.”

Mkalimani alimtazama Mama, akatazama dari, kisha akatafsiri. Afisa alimwomba arudie. Aliporudia, yule afisa alivua miwani, akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho. Alipopata sauti aliuliza habari hizo zimetoka wapi, na Mama, ambaye hakuwa amewahi kumtaja mtu yeyote kwa polisi wala askari alipoulizwa, alininyooshea kidole bila kusita. “Njo huyu professeur.”

Nilikuwa nimekuja na kitabu, ukurasa wa jedwali nimeutia uzi mwekundu. Afisa alikifungua, na kicheko kikamtoka taratibu usoni. Alianza kugeuza kurasa kama mtu anayetazama albamu ya familia. Alisema baba yake alikuwa shabiki wa timu moja ya kaskazini, na kwamba mwaka ule mzee alikataa kwenda uwanjani kwa hasira, akidai kwamba ligi iliyovuka mpaka itapotea njia. Kisha, kwa upole, kwa kupitia kinywa cha mkalimani, alitueleza kwamba miji ile ni ya Amerika, na kwamba zile timu hazipo tena. Wahenga wetu humpa mgeni siku mbili na siku ya tatu wakampa jembe. Timu zile nyingi hazikufikia hata jembe. Ile ya San Antonio ilikuwa imeshahamishwa mara moja, kutoka Sacramento, kabla ya kufa.

“Maskini,” Mama alisema. “Kukimbia mara mbili.” Akahesabu vidole. “Zote tano zilikufa?”

“Nne. Ya Baltimore ilihamishiwa Montreal. Hiyo ni Kanada kweli.”

“Aaa. Ile ilipita interview.”

Afisa alicheka tena, lakini safari hii kwa muda mfupi. Akasema kwamba Kanada yote ina baridi, kaskazini na kusini yake, na kwamba yeye ameona kwenye karatasi habari za kifua cha Mama. Je, bado anataka jina lake liendelee? Niliangalia viatu vyangu. Nilijua kwamba Mama ameletwa pale na mimi, kwa nchi isiyokuwapo, na kwamba akisema hapana atakuwa na haki, na madirisha yangu ya vioo yatabaki hukohuko yaliko. Mama alinitazama kwa jicho lilelile alilotumia kupima bega la yule mwanamume mnene.

“Andika,” akamwambia afisa. “Kanada yoyote. Nitashona makoti.”

Na akashona. Alibadilishana nguo na watu kwa mablanketi ya kijivu yaliyochakaa, akayakata mezani petu, na kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilijaa mvuke na ile harufu. Kila kosi lilipigwa pasi mara tatu. Wapita njia hawakumwonea huruma. “Mama Espe, Kanada ya Kusini na makoti tena?” Naye: “Ni ya njiani!” Kibaraza chetu kikaanza kuitwa Kanada ya Kusini, kwanza kwa kejeli, halafu kwa mazoea, halafu kwa sababu ndilo jina lake.

Jibu lilikuja mvua zilipokwisha. Ulikuwa ukurasa mmoja wa kushukuru na kusikitika, usio na sababu yoyote. Niliusoma mimi, kwa Kiingereza changu mashuhuri, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Mama alinikuta huko, nami nikakiri yote: kwamba ni mimi niliyeiharibu safari, maana mtu gani angechukua familia inayoomba kupelekwa San Antonio. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni. Alipozitoa alisema, “We! Unajiona mukubwa sana. Inchi nzima ikae kikao juu ya géographie yako?” Sijawahi kupewa faraja ya kunipunguza kiasi hicho, na nimeitumia mara nyingi tangu hapo, hasa wahariri wanaponirudishia makala.

Jioni ileile Mwalimu Simeoni alikuja, tai shingoni, akasimama mlangoni bila kutaja Misri. “Mama Espe,” alisema, “Kanada mimi sikupata hata kuiomba. Lakini baridi yake inanifikia kila Juni. Nipime.” Alikuwa mteja wa kwanza. Baada yake walikuja wengine, mwaka baada ya mwaka, na makoti yale ya kijivu ndiyo yaliyonivusha sekondari, kisha chuo kikuu, ambako siku moja nilifungua ramani ya dunia maktabani na kuitafuta San Antonio kwa kidole. Nilicheka peke yangu mpaka mtunza maktaba akanitoa nje.

Siku hizi hakuna mtoto wa Dzaleka anayeweza kukosea nilivyokosea mimi. Wana simu, na simu itawaambia Baltimore iko wapi kabla hawajamaliza kuuliza. Nafurahi kwa ajili yao, na wakati mwingine nawahurumia kidogo, maana ramani yao haina nchi hata moja ya ziada. Jumamosi iliyopita nilikwenda Dzaleka, nikashuka basi barabarani na kupanda kabaza, baiskeli ya abiria. Kijana wa baiskeli aliuliza, “Ma tante, wapi?” Nikamwambia Kanada ya Kusini, naye akaanza kukanyaga bila swali. Nikamuuliza kwa nini panaitwa hivyo.

“Banasema zamani kulikuwa muzungu wa Kanada,” alijibu akihema, “alijenga pale.”

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikakumbuka mara ya mwisho nilipomfundisha mtu jiografia, nikaufunga. Tulipofika, jua la Oktoba lilikuwa limechoma mpaka mabati yanalia, na Mama alikuwa kibarazani, miwani puani, akimgombeza msichana anayejifunza kazi kwa sababu ya kosi lililopinda. Alikuwa amevaa blauzi ya pamba nyepesi, bila bitana. Mikono yake ilikuwa mifupi, nayo, kama alivyosema mwenyewe, haidanganyi.