Maziwa ya Mama Mwenye Hasira

Kifunguamimba wangu alikuwa na miezi mitatu nilipomkuta mama mkwe akimtafunia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ugoro ukiwa bado mdomoni mwake. Anatafuna, anakusanya kwa ulimi, anamsukumia mwanangu kile kitu cha kahawia kwa kidole. Hadi leo nikisikia harufu ya ugoro, natoka nje.

Nilimpokonya mtoto, nikakipiga teke kibuyu chake cha muthokoi. Saa sita mtoto alikuwa anatapika na kuharisha.

"Mnaona?" mama mkwe akawaambia wanawake wa boma, akimtoa mtoto mikononi mwangu. "Amekasirika, maziwa yameoza. Hanyonyeshi mpaka ateme hasira."

Ndiyo ilikuwa desturi yao: mama akigombana, apige funda la maji, ayateme kifuani mwake mbele ya aliyegombana naye, aseme moyo umetulia.

"Mwaitu, mama yangu, anatapika ugoro wako!"

"Haya, mwalimu. Hivyo vitabu vyako vya shule vina matiti?"

Walicheka, wote.

Tulikwenda zahanati ya Mutomo kwa miguu, mama mkwe amembeba mtoto, mimi nyuma kama mbuzi wa mahari. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, hakumtazama mtoto sana. Alinitazama mimi nikimnyooshea mama mkwe kidole.

"Tumbo la mtoto liko upset," akasema, akijivunia Kiingereza chake. "Na mama yuko upset. Tulia kwanza, maziwa yatatulia."

Neno hilo nililijua. Shuleni lilikuwa la kikombe kilichopinduka, la mipango iliyoharibika, la msichana aliyefiwa. Lilibeba kila kitu, isipokuwa ugoro. Mwanamume mwenye koti jeupe na mama mkwe asiyejua kusoma wakakubaliana kwamba mchafu ni mimi.

Tuliporudi utosi wa mtoto ulikuwa umedidimia. Hakuwa na machozi ya kulilia. Nikachukua kata ya maji, nikajitemea kifuani.

"Moyo umetulia, mwaitu."

"Sauti. Wasikie."

Nikarudia kwa sauti. Uongo mtupu; nilitamani kumtemea yeye.

Akanipa mtoto. Alinyonya hasira yote, titi la kulia, la kushoto, akalala bila kutapika. Kufikia asubuhi midomo ilikuwa na unyevu.

"Si niliwaambia?" mama mkwe akasema, akifungua kopo lake la ugoro. Hadithi hiyo aliipeleka hadi sokoni, jinsi alivyoyaponya maziwa yangu. Nilimfunga mtoto mgongoni, na miezi yote iliyofuata sikumweka chini nyumbani mwake.