Barafu Mgongoni pa Malati

Daktari Minati alikwisha kupasua maiti nyingi katika hospitali yake ya wilaya, kando ya mto Mahanadi huko India, lakini Malati ndiye aliyemnyima usingizi.

Aliletwa katika lile joto kali la mwezi wa Mei, sari imelowa chapachapa. Wakwe zake walikuwa wamemlaza juu ya mabonge ya barafu ya wauza samaki, wakidai wanamhifadhi asiharibike. Alama za vidole shingoni zilionyesha wazi kwamba amekabwa. Lililobaki ni kujua alikufa lini. Mumewe, Debasis, aliingia zamu kiwandani jana yake jua likizama, watu wakimwona. Kama Malati alikufa kabla ya hapo, Debasis hana pa kujificha. Kama ni baadaye, basi ni mkono wa mwingine.

Minati alijaribu kukunja kiwiko, kikagoma. Mwili wote ulikuwa umekakamaa. Akabonyeza mgongo, pale damu ilipotuama na kuacha wekundu. Rangi haikufifia. Siku nyingine angekadiria saa ya kifo bila wasiwasi, lakini barafu ilikuwa imeupoza mwili na kuvuruga kila dalili. Yawezekana ni alasiri. Yawezekana ni usiku.

Pabitra, kaka yake Malati, alimngoja mlangoni.

"Dada, si umemwona mwenyewe? Andika alasiri. Neno moja tu!"

"Siwezi kuandika nisilolijua, mdogo wangu."

"Hujui, au hutaki? Angekuwa wa tumbo moja na wewe je?"

Minati alimpita, akaenda kuandika ripoti: saa ya kifo haijulikani kwa hakika.

Mahakamani, wakili wa Debasis alimwuliza kwa upole, "Kwa hiyo, Daktari, huenda alikufa mteja wangu akiwa kazini?"

"Huenda. Na huenda sivyo. Aliyeweka barafu ile..."

"Jibu ulichoulizwa tu," hakimu akamkata.

Debasis aliachiwa. Kabla mvua hazijakatika, alikuwa ameoa tena.

Minati alifunga safari mpaka kwa mama yake Malati, akamkuta barazani anapepeta mchele.

"Mama, nimekuja kukupa pole."

"Ulisema kweli kule?"

"Nilisema kweli, mama."

"Haya. Kweli yako haikumfaa mwanangu."

Akainuka, akamletea maji ya kunywa kama ambavyo angemletea mgeni yeyote, kisha akaingia ndani. Minati aliyanywa yote, amesimama.