Sahani ya Baba

Juzi nilipita mjini Garland, nikawaona wazee wa chama kimoja cha kindugu, wale wenye vyeo na mavazi yao ya sherehe, wakipaka rangi dirisha la tiketi la stesheni ya zamani waliyoigeuza ukumbi wao. Ghafla pilau ikaninukia.

Nilikuwa na miaka sita alasiri ile walipotuazima ukumbi kwa matanga ya baba. Aliyetufungulia mlango alivaa mkufu mpana wa cheo cha chama chao kifuani, nami nikadhani ndiye mkuu wa stesheni. Basi nikafunika sahani ya pilau ya baba kwa foili, kama tulivyomwekea kila alipochelewa kazini, nikakaa kwenye benchi nikitazama reli zilizoota nyasi.

"Mami, treni ya baba inafika saa ngapi?"

Mama aliikaza ile foili, akakaa kando yangu, tukasubiri wote wawili.