Umati Ukinyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kizibao cha rangi ya machungwa kilichonifika magotini, nikasimamishwa langoni kwenye maonyesho ya biashara, huko Muhima, Kigali. Nilikuwa mjane, nimelelewa Bujumbura, na ulinzi wa mikusanyiko sikuujua hata kidogo. Shefu wa malango, yaani mkuu wetu, mzee mnene mwenye hasira za karibu, alinishika mkono akaubandika juu ya uzio wa vyuma.

"Sikiriza na mkono, mama," aliniambia. "Watu wakisukumana, chuma iko inatetemeka. Kelele usiogope. Kama iko kelele, iko pumzi. Wakinyamaza, fungua. Usiulize mtu."

Nilimcheka moyoni. Kigali hii mtu akinyamaza tunasema ana adabu, na umati uliotulia tunausifu. Nilidhani mzee wa watu anazeeka vibaya.

Baadaye nilihamishiwa Kimisagara, kwenye mechi za vijana. Hapo nilijifunza kumwambia mtu aliyebanwa akunje mikono mbele ya kifua ili mbavu zipate nafasi, na asiiname kuokota simu hata kama ni mpya. Wengi waliinama tu, wabishi wale! Kisha nikapandishwa cheo, nikakabidhiwa lango la dharura, lile la kutokea watu mambo yakiharibika. Shefu hakuruhusu lifungwe kwa kufuli. Alipostaafu, akaja Meneja wa Usalama, bwana mtanashati aliyekulia Kampala, akaleta kufuli ili wasio na tiketi wasipenye. Ufunguo nikae nao mimi, ila nisifungue mpaka aniamuru kwa redio ya mkononi.

Jumapili moja mchana tulilinda tamasha la nyimbo za dini, kwenye uwanja ambao sitautaja. Mvua ikashuka ghafla, watu wakakimbilia upande wangu, palipokuwa na paa. Kwanza walipiga mayowe, wengine wakicheka. Halafu sauti zikazimika. Kwaya iliendelea kuimba kule jukwaani, lakini mbele yangu mamia ya watu walikuwa kimya, macho wazi, wananitazama.

Karibu na uzio alikuwepo dada mmoja aliyevaa mshanana wa njano, lile vazi la sherehe linalofungwa begani. Nikamwambia, "Dada, rudi nyuma kidogo." Hakujibu. Nikarudia kwa ukali, naye akanikodolea macho tu. Nikakasirika, kiburi gani hiki! Ndipo akaanza kwenda kando, polepole, kichwa kimenyooka, bila kupiga hatua. Nikatazama chini. Miguu yake haikugusa ardhi, na kiatu kimoja kilikuwa kinaning'inia kidoleni.

Nikaweka kiganja kwenye uzio. Chuma hakikutetemeka hata kidogo. Kilikuwa kimekaza kama ukuta.

"Meneja, hapa lango la dharura," nikasema redioni. "Watu wamenyamaza."

"Vizuri sana, mama! Watu iko na adabu. Waache hivyo hivyo."

Namwambia kila kijana wa kazi hii ukweli wangu: nilisita. Nilifikiria mshahara, nilifikiria ada ya watoto, na dada yule akazidi kunitazama. Kisha nikafungua.

Hawakutoka. Walibaki wamesimama, wameshikana kama matofali, lango likiwa wazi mbele yao. Nikamvuta mmoja, wa pili akafuata, ndipo wote wakamwagika wakilia na kuitana majina. Nilipozisikia kelele zile nililia kwa furaha.

Hakufa mtu. Meneja alinipa barua ya onyo, lakini kufuli halikurudi mpaka nilipostaafu.

Kesho yake nilikwenda hospitali kumwona yule dada. Akaniambia:

"Nilikuita, mama. Nilipiga kelele mpaka koo ikauma. Weye ulikuwa unaniangalia tu, unanigombeza."

Pale langoni tulikuwa tumeachana kwa urefu wa mkono tu. Naapa sikusikia kitu.

Siku hizi naishi Kagugu na wajukuu, nao wananitania kwa sababu kanisani nakaa mlangoni kila Jumapili. Baada ya komunyo watu wote huinamisha vichwa, kanisa zima likawa kimya. Wenzangu husali. Mimi huinuka taratibu, nikausukuma mlango ukawa wazi, kisha nikageuka kuzitazama nyuso moja moja, nione kama kuna anayeniita.