Kahawa Iliyonyamaza

Watu wakisikia natetea wanaoitwa wezi wa kalamu, hudhani wateja wangu hushuka kwenye magari ya vioo vyeusi. Ofisi yangu iko Rubwera, nyuma ya duka la mabati, na wateja huja kwa bodaboda: watendaji, wahasibu, makarani. Wengi wamekosa kweli. Wachache wamezidiwa na huruma tu, na hao ndio hunichosha.

Aliyenichosha kuliko wote ni karani wa chama cha ushirika cha kijijini kwetu, upande wa Kamuli, mzee aliyepima kahawa pale tangu nikiwa mtoto. Alishtakiwa kwa wizi. Kahawa aliyoandika kwamba ameipokea ilizidi kwa magunia mengi ile iliyokutwa ghalani. Nilimuuliza mara tatu ilikwenda wapi.

"Haikwenda popote, waitu, mwanangu. Ilikauka."

Alikuwa amepokea kahawa ya maganda yenye unyevu. Kanuni inakataza, kwa kuwa mbichi ni nzito na ikikauka uzito hupungua. Kwetu kila mtu anajua kuitikisa kiganjani: iliyokauka hulia, mbichi hunyamaza. Karani aliisikia ikinyamaza, akaipima hivyo hivyo, maana mvua ilikuwa haikatiki na watu walikuwa na wagonjwa na ada za shule.

"Nitajie waliokuletea, waje wathibitishe."

Akakataa. Kwetu kuuza kahawa mbichi ni aibu, ni kumwibia jirani mnayechangia naye ghala moja. Niliwaka. Nikamwambia atafungwa, na hao anaowaficha hawatampelekea hata ndizi moja gerezani. Akanijibu kwa upole kwamba yeye ataondoka, lakini wao watabaki wakitazamana kanisani.

Jumamosi nilikwenda kwa mama, bado nimevimba. Kesi kijiji kizima kiliijua, basi nikalalamika wee, yeye akigeuza kahawa kwenye jamvi. Akageuza upande ule ule mara ya pili.

"Na mimi nilimpelekea," akasema.

Mama ni mzee wa kanisa. Nilimwambia si lazima aje mahakamani, kisha nikajionea haya, maana mama wa mwingine ningemkokota.

"Nitakuja," akasema.

Alikuja amevaa kitenge chake cha ibada. Alipomaliza kueleza, mwendesha mashtaka akainuka akitabasamu.

"Mama, ulijua ni mbichi?"

"Nilijua."

"Na karani?"

"Aliitikisa, akanitazama, akapima."

"Umefanya hivyo mara ngapi?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Kila msimu wa mvua, tangu huyu alipoingia kidato cha kwanza."

Hakimu aliniuliza kama nina swali la nyongeza. Nilifunga jalada. Karani alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

Baada ya mama walijitokeza wanawake wengine sita. Karani aliachiwa huru, ingawa kazi hakurudishiwa. Nje ya mahakama nilimshika mikono yote miwili, nikamwomba radhi kwa kumfokea. Machozi yalinitoka mbele ya wateja wangu wengine.

Akatazama juu.

"Jua limetoka," akasema. "Mwahishe mama akaanike."