Ramani za Mzee Elinami

Mzee Elinami, katibu wa wakulima wa kahawa huko Akeri, alipanda na kushuka vilima miaka miwili akichora ramani ya kila shamba kwa simu. Mashamba mia tatu na kumi na mawili! Mnunuzi mpya hakutaka kahawa isiyo na ramani ya shamba ilikotoka, na matunda yalikuwa yameshaiva mtini.

Ramani zote zilikuwa kwenye kompyuta moja, nayo ilikaa stoo ya kahawa kwa kuwa stoo ina kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa katibu, mwingine kwa mwenyekiti, Mama Magreth, asiingie mtu peke yake. Wezi hawakuipata, kweli. Ila vumbi la maganda liliziba feni mpaka mashine ikaungua.

Akaibeba hadi mjini, mtaa wa Daraja Mbili, kwa fundi Agnela, roho mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli tu."

Agnela alihangaika na diski saa mbili nzima. "Ramani zimepona. Ila zisirudi tena stoo. Tuziweke kwenye wingu: kompyuta kubwa za watu, ziko mbali, unazikodi kwa intaneti."

"Nakodi nini hasa?"

"Inategemea. Kuna wanaokodi mashine tupu, kama kihamba, shamba la nyumbani, kisicho na kitu, kupanda na kupalilia juu yako. Mimi natengeneza programu, kwa hiyo nakodi kihamba chenye mfereji na migomba tayari, naleta mbegu zangu tu. Wewe utaletewa kahawa kikombeni: programu imeshakamilika, unafungua unatumia, kama barua pepe."

Elinami hakucheka. "Na ufunguo anashika nani? Mali ya watu siifungui peke yangu."

Wateja wa mjini hawakuwahi kumuuliza Agnela hivyo. Akapanga neno la siri alishike mzee, na namba ya kuthibitisha iende kwenye simu ya Mama Magreth.

Ramani zilipokwisha kupanda winguni, mzee, mbishi yule, akataka diski ichomolewe kwanza, aone kama kweli ziko huko. Ikachomolewa. Akaandika neno la siri, akampigia Mama Magreth, naye akamsomea namba, tarakimu moja moja.

Kwenye simu ya Agnela mashamba yakafunguka, kilima baada ya kilima. Elinami alilia, wala hakuona haya.

"Mama Magreth," akasema, "waambie watu wachume."