Jiwe la Mzungu Kisimani

Mtu akinisalimia vizuri kupita kiasi, mimi hushika mfuko wangu kwanza. Ndiyo maana yule bwana mwenye hoteli Diani aliposhuka garini kwetu Msambweni na kumwamkia mama yangu shikamoo mara mbili, roho yangu ilimkataa.

Alikuja, alisema, kutuondolea aibu. Aibu yenyewe ni jiwe la kumbukumbu ya mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliyewalazimisha wazee wetu kuchimba kisima. Uhuru ulipopatikana, vijana wa wakati huo waliliangusha kutoka kwenye nguzo yake, likalala papo hapo kando ya kisima. Tangu hapo wanawake hupara samaki juu yake. Jina la Mzungu limelika, wala hakuna aliyelililia.

"Mkoloni alishakwenda zake, mama," bwana yule alisema. "Nitalibeba kwa gharama yangu, na hapa niwajengee sakafu ya saruji."

Vijana wetu wakashangilia. Nani atetee jiwe la mkoloni? Mimi nilizidi kumchunguza bwana yule. Penye urembo ndipo penye urimbo. Tena bwana mwenyewe hakulitazama jiwe sana. Alizunguka nyuma ya kisima, akawa anapima kwa hatua ile njia yetu ya kwenda ufukweni, na ardhi ile haina hati ya mtu yeyote.

Nikalimwagia jiwe maji na kusugua magamba kwa makumbi ya nazi, nione lina nini hata alitake. Chini ya jina lililolika, maneno ya Kiswahili yalisomeka bado: kisima hiki na njia yake ni mali ya watu wote wa hapa. Karatasi hatuna. Ushahidi wetu wote ndio huo, nasi tumeumwagia matumbo ya samaki miaka yote.

Nilimsomea mama kwa sauti, bwana naye akisikia. Tabasamu lilimkauka.

"Maneno ya mkoloni hayana nguvu leo," alisema, akawaamuru watu wake aliokuja nao garini walifunge jiwe kamba.

Mama alimchukia Mzungu yule kuliko sisi sote, maana babake alipigwa viboko akichimba kisima kile. Nilidhani atawapisha. Alikuja polepole na buibui lake safi, akaketi juu ya jiwe, palepale penye magamba.

"Baba yangu amelilipia jiwe hili kwa mgongo wake," alisema. "Ni letu. Haya, nifungeni nalo."